Amarone: mvinyo mwekundu wa Verona unaotaka chakula kilichokaa sana jikoni (uzi mrefu)

Jiko la Fumane (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Desemba napokea ujumbe ule ule kutoka kwa ndugu na marafiki. Mtu kaletewa chupa ya Amarone na mgeni kutoka Italia, kaifungua na samaki wa kupaka au kuku wa pilipili, kisha ananiandikia kwamba mvinyo wenyewe mchungu na unaunguza koo. Inaniuma. Huu ni mwaka wangu wa tisa jikoni huku Valpolicella, na misimu mitatu ya kwanza nilikuwa shambani nikivuna, kwa hiyo najua kazi iliyomo ndani ya chupa ile. Leo niko mapumziko, acha niandike yote kwa mara moja ili nyumba yoyote itakayoipata chupa hiyo isiiharibu.

Valpolicella ni vilima vilivyo kaskazini mwa mji wa Verona, Italia. Magharibi kuna Ziwa Garda, juu kuna milima ya Lessini inayoshusha baridi usiku. Sehemu ya asili inaitwa Classica, nayo ni miji midogo mitano: Negrar, Marano, Fumane, Sant'Ambrogio na San Pietro in Cariano. Zabibu yenyewe kuu ni Corvina, yenye ganda nene. Inachanganywa na Corvinone na Rondinella. Ganda hilo nene ndilo linalowezesha yote nitakayoeleza hapa chini, maana zabibu yenye ganda jembamba ingeoza kabla ya kukauka.

Kinachoitofautisha Amarone na mvinyo mwekundu mwingine ni kwamba zabibu zake hazikamuliwi zikiwa mbichi. Zinakaushwa kwanza.

Septemba ikiisha tunaingia shambani na mikasi kuchagua vichala. Sio kila kichala kinafaa. Tunatafuta vile vilivyoachia, ambavyo punje zake hazijabanana, kwa sababu kichala kilichobanana hewa haipiti katikati. Ukungu utaanzia ndani, na ukija kuuona kwa nje umeshachelewa. Unakata, unakigeuza mkononi, unatoa punje iliyopasuka, unakilaza kwenye kreti. Safu moja tu. Msimu wangu wa kwanza nilipandanisha vichala ili nijaze kreti haraka, na mzee aliyekuwa msimamizi wetu alikuja akavitoa kimoja kimoja bila kusema neno, akavilaza upya mbele yangu. Sikurudia tena.

Kreti zinapelekwa kwenye ghala lenye madirisha pande zote, wenyewe wanaliita *fruttaio*. Zamani zabibu zililazwa juu ya mikeka ya matete iliyopangwa ngazi kwa ngazi, na nyumba nyingine bado zinafanya hivyo. Madirisha yanafunguliwa siku ya upepo mkavu na kufungwa siku ya ukungu wa bondeni. Siku hizi kuna feni pia. Hapo zabibu zinakaa miezi mitatu hadi minne. Kanuni za eneo haziruhusu kuzikamua kabla ya tarehe 1 Desemba, labda mwaka wa hali ya hewa isiyo ya kawaida, kwa kibali. Ukiingia ghalani mwezi Januari, harufu unayokutana nayo ni ya zabibu kavu, tini na maua yaliyonyauka. Sijui harufu nyingine duniani ninayoipenda kuliko hiyo.

Katika kukauka, zabibu inapoteza thuluthi ya uzito wake au zaidi. Maji yanaondoka, sukari inabaki. Kanuni zinaruhusu kilo 100 za zabibu mbichi zitoe lita 40 tu za Amarone. Zabibu hizo hizo zingetoa lita 70 za Valpolicella wa kawaida, yaani mvinyo wa huku wa zabibu zisizokaushwa. Hesabu hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya bei. Halafu zinachachuka katikati ya baridi, polepole, mara nyingi mwezi mzima au zaidi, hadi sukari karibu yote imegeuka kuwa kileo. Kwa kanuni kileo hakishuki chini ya asilimia 14, lakini chupa nyingi zinasoma 15, 16, hata zaidi. Baada ya hapo ni miaka miwili ya kulala kabla haujauzwa, na minne ikiwa imeandikwa Riserva.

Jina lenyewe lina kisa chake. Kabla ya Amarone kulikuwa na Recioto, mvinyo mtamu wa zabibu hizi hizi zilizokaushwa. Neno linatoka kwenye *recia*, yaani sikio kwa lugha ya Verona, kwa kuwa walichuma yale "masikio" mawili ya juu ya kichala, yanayopata jua zaidi. Ni mvinyo wa kale sana: Cassiodorus, aliyekuwa waziri wa mfalme Theodoric, aliusifia kwenye barua zake katika karne ya 6 mvinyo wa Verona unaotokana na zabibu zilizowekwa zikauke. Sasa Recioto ili ubaki mtamu ni lazima usimamishwe usiendelee kuchachuka. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, kwenye chama cha ushirika cha wakulima huko Negrar, pipa moja lilisahauliwa likaendelea kuchachuka hadi utamu ukaisha. Msimamizi wa mapipa, Adelino Lucchese, alipoonja akasema huu si *amaro*, huu ni *amarone*. Maana yake si mchungu tu, ni mchungu mkubwa. Mwaka 1968 Valpolicella ikapata ulinzi wa kisheria wa jina, na mwaka 2010 Amarone ikapandishwa kwenye daraja la juu kabisa la Italia, DOCG.

Turudi mezani, maana ndiko nilikotaka kufika.

Mvinyo huu una mambo matatu kwa pamoja: kileo kingi, ladha nzito ya matunda makavu inayokaribia utamu bila kuwa tamu, na ukakasi. Ukakasi ninaousema ni ule wa bibo la mkorosho, unaokaza ulimi na kushika ufizi. Chakula chake kiwe na mafuta na nyama ya kutosha kuulainisha ule ukakasi, kiwe na ladha nzito isiyofunikwa, na kisiwe na kitu cha kuuchokoza ule ukali wa kileo. Wavero­na walilijua hilo bila kusoma popote, kwa sababu vyakula vyao vya baridi vyote ni vya kukaa motoni saa nyingi.

Cha kwanza ni *brasato*. Nyama ya bega la ng'ombe, kipande kizima cha kilo moja na nusu, inalala usiku kucha kwenye mvinyo pamoja na kitunguu, karoti, figili ya majani (celery), jani la bay na karafuu nne tano. Asubuhi unaitoa, unaikausha kwa kitambaa, unaikaanga pande zote hadi iwe kahawia kabisa. Usiwe na haraka hapo. Rangi ya mchuzi inatoka hapo. Kisha unarudisha mboga na mvinyo, unafunika, moto mdogo kabisa, saa tatu. Sufuria isichemke kwa fujo, itoe kiputo kimoja kimoja. Mwisho unasaga zile mboga ndani ya mchuzi. Inaliwa na polenta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa. Mtanzania yeyote akiiona ataitambua, ni laini tu kuliko ugali wetu. Siku yangu ya kwanza jikoni bibi mpishi alinipa mwiko wa polenta, akaangalia ninavyosonga, akaniacha na sufuria lote.

Cha pili ni wali wao, *risotto*. Mchele ni Vialone Nano, unalimwa kwenye mashamba ya maji ya Isola della Scala, kusini mwa Verona. Punje fupi nene, inakunywa mchuzi bila kupasuka. Unaukaanga mkavu kidogo na kitunguu, unamimina mvinyo uliopashwa moto, unauacha unywe wote, halafu supu ya nyama upawa kwa upawa. Ukishaiva unatoa jikoni ndipo unatia siagi na jibini ya Monte Veronese iliyokomaa. Wali unatoka na rangi ya zambarau iliyoiva. Watu wanaupiga picha, mimi nawaambia wale kwanza, ukipoa unakaza.

Kipo cha tatu ambacho wengine mtashtuka: *pastissada de caval*, nyama ya farasi iliyotokoswa kwenye mvinyo na viungo. Wanasimulia kwamba asili yake ni vita vya mwaka 489 hapo Verona, kati ya wafalme Theodoric na Odoacer, farasi walipokufa wengi na watu wana njaa. Sina ushahidi wa hilo. Ninachojua ni kwamba ina karafuu na mdalasini, inapikwa hadi nyama inaachia yenyewe, na nyumba nyingi sasa zinatumia ng'ombe.

Jibini iliyokomaa, hasa Monte Veronese ya muda mrefu au Parmigiano ya miezi 30, haihitaji kingine. Nyama ya kuchemsha na *pearà*, uji mzito wa chenga za mkate, uboho na pilipili manga nyingi, pia. Bata, sungura mwitu, nguruwe mwitu. Samaki hapana. Saladi hapana. Nyanya mbichi hapana.

Chupa ifunguliwe saa moja au mbili kabla ya kula, glasi iwe pana, na usiweke zaidi ya robo yake. Joto liwe kama nyuzi 18. Nyumba ya Dar mchana ni nyuzi 30 na kitu, kwa hiyo iweke kwenye friji kwanza hadi ipoe; ikiwa ya moto utasikia kileo tu.

Karibuni kwa maswali.

---

Mzuka wa Ilala

Uzi umeshiba huu mkuu. Nakaa mkao wa kula.

---

Kanairo Choma

Jameni, mimi ni yule mtu unayemsema. Mwezi jana hapa Nairobi tulikuwa na mbuzi choma, kachumbari na pilipili ya kuchoma, mmoja wetu akaleta Amarone. Glasi ya kwanza nikahisi moto kutoka ulimi hadi kifuani. Tukaamua ni mbovu, chupa ikabaki nusu. Kumbe kosa ni la nani, nyama au sisi?

---

Jiko la Fumane

Mkuu, mbuzi hana kosa. Mafuta ya mbuzi na ile harufu ya moshi vinaelewana na Amarone vizuri tu. Shida ilikuwa pale pembeni. Pilipili na kileo vinachochea maumivu yale yale mdomoni, kwa hiyo kileo cha asilimia 16 juu ya pilipili ni kumwagia petroli. Halafu kachumbari ina ndimu na kitunguu kibichi; ile ndimu inaufanya mvinyo uonekane mzito na butu, na kitunguu kibichi kinabaki mdomoni kuliko mvinyo wenyewe.

Ukirudia: mbavu za mbuzi zenye mafuta, chumvi tu, zichomwe taratibu mbali na mwali. Badala ya kachumbari weka viazi vya kuchoma au ndizi za kuchoma. Lakini nikwambie ukweli wangu, kama ningekuwa na chupa moja tu ya mwaka, nisingeipeleka kwenye choma. Ningenunua nyama ya muundi yenye mfupa wake, niitokose saa tatu. Ile nyama yenye nyuzi na kano zinazoyeyuka na kuufanya mchuzi unate kwenye midomo ndiyo inayoulainisha ukakasi kuliko nyingine zote.

---

Shamba Hombolo

Salaam mleta uzi. Mimi nalima zabibu hapa Dodoma, ekari mbili. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na jua tunalo la kumwaga. Nikisoma habari ya kukausha nawaza, mbona hata sisi tunaweza? Tuna zabibu yetu nyekundu, Makutupora. Jua letu lingekausha kwa wiki, hao wanasubiri miezi minne. Kuna haja gani ya kusubiri?

---

Jiko la Fumane

Swali hili nimelisubiri kwa hamu, asante sana.

Zabibu ikikaushwa juani kwa wiki inakuwa zabibu kavu, ile ya kuweka kwenye pilau. Imepoteza maji, basi. Kule ghalani hakuna jua kabisa. Ni kivuli, upepo na baridi. Kwa miezi ile mitatu minne punje bado iko hai, inabadilika ndani. Uchachu wake unapungua, harufu mpya zinajitokeza ambazo hazikuwepo siku ilipokatwa. Nimeonja punje ya Corvina Oktoba na nyingine ya kreti ile ile Januari, na si tofauti ya utamu peke yake. Ya Januari ina kitu cha tini na viungo.

Kwa hiyo Dodoma mngeweza, lakini si juani. Mngehitaji ghala la kivuli lenye hewa ya kupita, pengine la kupoozwa, na kuchagua yale mavuno ambayo baada yake kuna ukavu, si mvua. Kasi ingekuwa kubwa kuliko huku hata hivyo. Anza na kreti tano, safu moja, vichala vilivyoachia, pima uzito kila wiki na uandike. Ukiona ukungu wa kijani toa kichala chote, usitoe punje. Mkamuaji yeyote mwenye tangi dogo atakusaidia kujaribu. Usiuite Amarone, jina hilo ni la bonde hili kisheria, lakini mvinyo wa zabibu zilizokaushwa kivulini Hombolo ungekuwa na jina lake, na mimi ningekuwa mnunuzi wa kwanza.

---

Shamba Hombolo

Kreti tano ninazo. Ghala ninalo la kuwekea mtama, lina madirisha mawili tu. Nitatoboa mengine. Mavuno ya mwezi wa nane ndiyo yanayofuatwa na ukavu, nitaanza na hayo.

---

Mhudumu wa Ghuba

Nafanya kazi ya mvinyo kwenye hoteli Dubai, mwaka wa sita. Uzi mzuri, ila nina ugomvi na wewe sehemu moja. Kupika na Amarone ni kuitupa. Chupa ya euro 40 unaichemsha saa tatu? Harufu zote ulizozisifia ghalani zinaondoka na mvuke, unabaki na uchachu na rangi. Tumia Ripasso kwenye sufuria, Amarone weka kwenye glasi. Hata huko Verona wapishi wengi wanafanya hivyo na kwenye menyu wanaandika "all'Amarone", yaani kimepikwa kwa Amarone.

Kwa wasiojua: Ripasso ni Valpolicella wa kawaida uliopitishwa tena juu ya makapi ya zabibu yaliyobaki baada ya kukamua Amarone. Unachachuka mara ya pili pale, unaokota nguvu na rangi. Bei yake ni karibu nusu.

---

Jiko la Fumane

Mkuu, nusu ya hoja yako naikubali na nusu naikataa.

Nakubali kwamba saa tatu za moto zinaua harufu nyingi. Nakubali pia kwamba nyumbani mtu atumie Ripasso, au hata Valpolicella Superiore nzuri; ni busara. Nilipaswa kuliandika hilo pale juu.

Ninapokataa ni kwamba kinachobaki ni uchachu na rangi tu. Kileo kinaondoka kwa sehemu kubwa, lakini ule uzito wa zabibu iliyokaushwa haupandi na mvuke. Unabaki kwenye mchuzi na kuukaza. Tulishawahi kupika sufuria mbili siku moja, nyama ya ng'ombe yule yule, moja Ripasso moja Amarone iliyobaki kwenye chupa za wageni. Mchuzi wa pili ulikuwa mnene zaidi na utamu wake ulikaa mdomoni zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilikuwepo.

Bibi mpishi wetu ana njia ya katikati: nyama inapikwa na Valpolicella, na dakika kumi za mwisho, mchuzi ukishasagwa, anatia glasi moja ya Amarone. Hapo harufu haijapata muda wa kukimbia. Na kuhusu menyu niko na wewe kabisa. Nilifanya kazi mahali fulani walipokuwa wanaandika Amarone na sufuriani wanamimina mvinyo wa boksi. Niliondoka. Mgeni anayelipia jina apewe kitu chenye jina hilo.

---

Mhudumu wa Ghuba

Hiyo glasi ya dakika za mwisho naichukua. Nimekubali.

---

Bint Pwani

Assalaam alaykum. Mimi situmii kileo, lakini nimeusoma uzi wote kwa sababu ya hiyo karafuu. Babu yangu alikuwa na mikarafuu Pemba, na sikuwahi kufikiria kwamba karafuu inaingia kwenye nyama ya Verona. Imefikaje? Na la pili, watu husema pombe ikipikwa inaisha yote, kwa hiyo chakula kinakuwa hakina neno. Ni kweli?

---

Jiko la Fumane

Wa alaykum salaam dada yangu.

Verona ilikuwa chini ya utawala wa Venice tangu mwaka 1405, karibu miaka mia nne, na Venice ndiyo iliyokuwa ikipokea viungo vya mashariki na kuvisambaza Ulaya. Karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku. Za Unguja na Pemba zilikuja baadaye, zilipopandwa karne ya 19. Hata hivyo, siku moja nilimpelekea bibi mpishi karafuu za Pemba kutoka nyumbani. Alizinusa, akapunguza idadi kutoka tano hadi tatu. Alisema hizi zina nguvu kuliko za kwake za kwenye chupa.

La pili nitakujibu wazi ili usidanganywe: hapana, haiishi yote. Vipimo vilivyofanyika vinaonyesha kwamba baada ya saa mbili na nusu za kuchemka polepole inabaki kama asilimia 5 ya kile kilichotiwa. Ni kidogo, ila si sifuri. Wali wa risotto, ambao unaiva kwa dakika 18 hivi, unabaki na zaidi. Kwa hiyo ukija mkahawani huku uulize, na wasikwambie "imeshaisha".

Nyama ile unaweza kuipika bila mvinyo na ikawa na heshima yake. Mimi humpikia rafiki yangu wa Mombasa aliye hapa mjini: maji ya komamanga yasiyotiwa sukari vikombe viwili, supu ya mifupa vikombe viwili, zabibu kavu nyeusi kiganja kimoja, ukwaju kidogo wa uchachu, karafuu tatu, kijiti cha mdalasini. Saa tatu zile zile. Zabibu kavu zinayeyuka na kuleta ule uzito ninaousema. Usitie sukari.

---

Bint Pwani

Shukran sana kwa kunijibu bila kunizungusha. Ijumaa naipika hii.

---

Mzuka wa Ilala

Mkuu mimi ni mtu wa duka. Nikiona chupa nitajuaje ni yenyewe? Na bei isiyo ya kuibiwa?

---

Jiko la Fumane

Angalia shingo ya chupa: kuna kipande cha karatasi ya serikali chenye namba, kinapita juu ya kizibo. Amarone isiyo nacho usiichukue. Lebo isome "Amarone della Valpolicella". Ikiwa na neno Classico, imetoka ile miji mitano niliyoitaja. Ikiandikwa Valpantena, ni bonde jirani, na nzuri zipo huko pia.

Kwa bei za huku, chini ya euro 25 mimi huwa na wasiwasi. Nyingi za kueleweka ziko 30 hadi 60. Kuna za wazalishaji Quintarelli na Dal Forno ambazo zinafika mamia. Nimeonja Quintarelli mara moja, kidole kimoja kwenye glasi, mgeni alituachia jikoni. Sitasema mengi, nilikaa kimya muda. Kwa kuanzia tafuta Ripasso ya euro 12 hadi 18, upikie nyama, uone kama ladha hii ni yako kabla hujaingia kwenye Amarone.

Na mwaka kwenye lebo usikutishe. Chupa ya miaka kumi iliyotunzwa mahali pa baridi ni bora kuliko ya juzi, ukakasi umeshatulia. Ila iliyosimama dukani chini ya taa ya moto miaka kumi, iache hapo.

---

Kanairo Choma

Nimerudi na ripoti, wiki mbili baadaye. Nilipata Ripasso moja na Amarone moja. Nyama ya muundi kilo mbili kutoka kwa mchinjaji wangu, alinikatia na mfupa. Ilianza saa saba mchana, ikatoka saa kumi na moja kasoro. Ile glasi ya mwisho niliitia. Badala ya polenta nilisonga ugali mlaini kuliko kawaida, mama yangu akaniuliza kama ni uji.

Mama hanywi zaidi ya chai, lakini alikula mara mbili na akaomba mfupa wa uboho. Mimi glasi ya Amarone niliinywa baada ya tonge la tatu, mdomo una mafuta ya mchuzi. Ule moto haukuwepo. Nilisikia kitu kama zambarau iliyokauka, halafu chokoleti isiyo na sukari. Ndugu yangu aliyesema chupa ni mbovu mwezi uliopita alinyamaza kabisa. Swali: mchuzi umebaki bakuli nzima, nifanye nini nao?

---

Jiko la Fumane

Mkuu, umenifurahisha hadi nimemsomea bibi mpishi nikimtafsiria. Ameuliza kuhusu ugali, nimemwambia mlaini, akasema sawa.

Mchuzi uweke kwenye friji. Kesho utaukuta umeganda kama jeli, hiyo ndiyo kano na ngozi zilizoyeyuka. Chambua vinyama vilivyobaki, vipashe na mchuzi kwa moto mdogo, chemsha tambi nene, zitoe dakika moja kabla hazijaiva na umalizie kuzipika ndani ya mchuzi huo. Jibini kavu juu. Huku wanafanya na *bigoli*, tambi nene za huku, na ni chakula cha Jumatatu cha wapishi wenyewe. Kama kuna Amarone imebaki chini ya chupa, izibe, ikae kwenye friji. Siku mbili tatu itakuwa bado na uhai.